Nimeacha nyama miezi saba: jongo limetulia, lakini vidole vimeanza kufa ganzi

Baba Neema, Umoja

Hamjambo ndugu na dada. Nimesoma michango yenu kwa muda mrefu bila kuandika neno, na leo naomba ushauri kuhusu jambo ambalo limenitatiza mimi na watu wa nyumbani kwangu.

Mimi ni mwanamume wa miaka 49, karani wa mahesabu katika ofisi moja ya katikati ya jiji. Nina kisukari kwa mwaka wa sita sasa, na dawa yangu ni metfomini, asubuhi na jioni. Miezi saba iliyopita niliamshwa usiku wa manane na maumivu ya kidole gumba cha mguu wa kulia. Sijawahi kuumia namna ile maishani; shuka ikigusa tu kidole, machozi yananitoka. Kulipokucha mke wangu alikata kiatu changu cha raba upande mmoja kwa kisu cha jikoni ili mguu upate kuingia, tukaenda kliniki. Asidi ya yuriki ilikuwa 9.2, kolesteroli nayo ilikuwa imepanda, na daktari akanieleza kwamba huo ni ugonjwa wa jongo, ambao wengi wetu mjini tunauita gauti.

Sikushangaa sana, kwa kuwa nilikuwa mtu wa Kariokor. Kila Jumamosi tulikutana pale marafiki wanne, tukaanza na kikombe cha supu ya mifupa, kisha mbuzi wa kuchoma juu ya ubao, kachumbari na chumvi pembeni, na chupa za bia ambazo sikuwa nikizihesabu. Siku ile ya kiatu niliapa kwamba sitaonja nyama wala samaki tena, na bia nikaiacha siku hiyo hiyo.

Matunda nimeyaona. Nimeshuka kutoka kilo 94 hadi 85, kidole hakijauma tena, na choo ambacho kilikuwa shida ya miaka mingi sasa ni cha kila siku. Hata hivyo, kwa muda wa miezi miwili hivi, vidole vya miguu na ncha za vidole vya mikono vimekuwa na ganzi, kama mtu aliyekalia mguu wake na sasa damu inarudi. Ikifika saa tisa alasiri ninachoka kiasi cha kuegemea meza. Nimeanza pia kusahau, mimi ambaye nilijulikana ofisini kwa kukumbuka namba za ankara bila kufungua faili. Jambo jingine linalonishangaza ni kwamba sukari haijashuka pamoja na uzito. Asubuhi inacheza kati ya 8 na 9.

Binti yangu wa miaka 16, aliye kidato cha tatu, aliamua kuniunga mkono, akaacha nyama, samaki na mayai. Wiki iliyopita alishikwa na kizunguzungu kwenye ngazi (tunaishi ghorofa ya nne), akakaa chini katikati ya safari. Himoglobini yake, yaani kipimo cha upungufu wa damu, ilikuwa 10.1, na muuguzi aliyempima akanigeukia na kuniambia kwa ukali nimrudishie mtoto nyama.

Chakula chetu cha jioni nakieleza kama kilivyo, bila kukipamba. Ni chapati tatu kwangu na mbili kwa binti, ndengu vijiko viwili vikubwa vilivyoungwa kwa kitunguu na nyanya, kabeji iliyokatwa nyembamba, na birika la chai ya majani mengi ambalo hukaa mezani tangu tonge la kwanza hadi la mwisho. Mchana mimi hula ugali kwa sukuma wiki katika kibanda kilicho nyuma ya ofisi. Binti shuleni hupata githeri, naye huniambia kwamba mahindi ni mengi lakini maharagwe ni ya kutafutwa kwa tochi.

Je, kosa letu ni kuacha nyama? Turudi tulikotoka? Na ikiwa tunaweza kuendelea bila nyama, tule nini kwa mfuko wa karani?

Mama Kerubo, Rongai

Pole sana Baba Neema, na umfikishie binti yetu pole zangu.

Mimi nilizaliwa Nyamira katika nyumba ya Waadventista wa Sabato, nina miaka 57, na nyama haijawahi kupikwa jikoni kwa mama yangu wala kwangu. Nieleze mapema kwamba si Waadventista wote wanaojizuia. Wengi hula ile nyama iliyo safi kwa mujibu wa Mambo ya Walawi sura ya 11. Lakini kanisa limehimiza chakula cha mimea tangu karne ya 19, na kwa sababu hiyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, wamewafuatilia waumini wa Marekani na Kanada kwa miaka mingi. Ripoti yao ya 2013, iliyohusu watu zaidi ya 70,000, ilionyesha kwamba uwezekano wa kufa katika kipindi cha uchunguzi ulikuwa chini kwa asilimia 12 miongoni mwa wasiokula nyama. Ubora wa uchunguzi huo ni kwamba pande zote mbili zilikuwa Waadventista, watu ambao kwa kawaida hawavuti sigara wala hawanywi pombe. Udhaifu wake ni kwamba anayeacha nyama kwa imani huwa anajichunga katika mengine mengi pia, kwa hiyo sipendi tuitumie takwimu hiyo kama fimbo ya kuwapigia wenzetu.

Ninachotaka kukuambia hasa ni kwamba nimesoma sahani yako mara mbili, na sikuona mahali pa maziwa ya kunywa, wala yai, wala mboga ya kienyeji hata moja. Kwetu nyama haikuwepo, lakini chungu hakikuwa kitupu. Tulikula chinsaga na rinagu, ambazo mama mboga wa Nairobi anaziuza kwa majina ya saga na managu. Maharagwe yalilowekwa usiku kucha katika karai, asubuhi maji yale yakamwagwa kwenye shina la mgomba, yakapikwa kwa maji mapya. Mama hakuturuhusu kutia magadi ili yaive upesi. Alisema yanaua ladha, nami nimekuja kujua kwamba yanaharibu pia vitamini B1. Maziwa lala yalikuwa kila siku, na mayai ya kuku wetu mara tatu au nne kwa wiki.

Mdogo wangu alikwenda mbali zaidi akiwa na miaka thelathini na kitu. Aliacha maziwa na mayai pia, na hakumeza kidonge chochote kwa sababu aliamini kwamba shamba lina kila kitu. Mwaka wa nne nyayo zilianza kumwaka moto usiku, kisha akawa anatembea kama mtu anayekanyaga sifongo, hata akashindwa kupanda matatu bila kushikwa mkono. Ilikuwa vitamini B12. Alidungwa sindano, akapata nafuu kubwa, ila ganzi ya vidole viwili haikuondoka mpaka leo. Kwa hiyo usikae na ganzi hiyo ukingoja ipite yenyewe.

Mzee wa Dagoretti

Salamu kwenu nyote. Mimi nimeuza nyama kwa miaka 22, kwa hiyo mtanisamehe nikiitetea ofisi yangu.

Nyama imesingiziwa mengi. Wateja wangu wa zamani, wale wazee wanaonunua robo kilo ya kuungia mboga ya watu sita, wako imara kuliko mimi. Anayeugua ni yule anayekula kilo nzima Jumamosi kwa chumvi ya kumwaga, kisha Jumatatu asubuhi anasimama kwenye mkokoteni kituoni na kula soseji mbili za smoki zilizopasuliwa na kujazwa kachumbari. Mnamo Oktoba 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, lile lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliiweka nyama iliyosindikwa katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani, na likasema kwamba kila gramu 50 kwa siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Nyama nyekundu ya kawaida iliwekwa kundi la chini yake, la vitu ambavyo huenda vikasababisha. Watu walisoma vichwa vya habari tu, wakaiacha nyama ya buchani na kuendelea na soseji kwa sababu soseji haifanani na nyama! Mimi nimewaona kwa macho yangu.

Ushauri wangu kwako, Baba Neema, ni wa kati na kati. Usirudi Kariokor, lakini wewe na binti mle maini mara moja kwa wiki, na siku nyingine omena. Maini yana damu ya kutosha, na omena ni chakula cha bei ya chini. Baada ya mwezi mmoja ganzi na kizunguzungu vitakuwa hadithi.

Afisa Lishe, Embakasi

Nimekuwa afisa wa lishe kwa miaka kumi na moja, na ninaandika hapa kama msomaji mwenzenu, kwa hiyo nitakayoyasema hayachukui nafasi ya daktari atakayekuona ana kwa ana.

Nianze kwa kumzuia Mzee wa Dagoretti kwa heshima zote. Ushauri wake kuhusu maini na omena unaweza kumfaa binti, lakini kwa baba unaweza kumrudisha kwenye kile kiatu kilichokatwa. Asidi ya yuriki hutokana na kuvunjwavunjwa kwa purini, kemikali za asili zilizomo mwilini na katika vyakula, na vyakula vyenye purini nyingi kabisa ni maini, figo, matumbo, supu ya mifupa na samaki wadogo wanaoliwa wazima kama omena. Asidi hiyo ikizidi takriban 6.8 katika damu huanza kuganda kuwa fuwele, nazo hupenda kutua mahali penye baridi kama kidole gumba cha mguu. Maharagwe na ndengu yana purini pia, ila tafiti zilizofuata watu kwa miaka mingi hazikuona kwamba yanaongeza mashambulizi, na maziwa yasiyo na mafuta mengi yameonekana kuyapunguza. Tena, Baba Neema, uliacha vitu viwili siku moja. Bia ina purini zake, na kileo chenyewe huzuia figo kutoa asidi ya yuriki, kwa hiyo usidhani nafuu yote imetokana na kuacha nyama. Ukirudia bia huku ukijisifu kwamba huli nyama, unaweza kushangaa usiku mmoja.

Sasa ganzi. Watu wanaposikia mtu ameacha nyama na ana ganzi, husema mara moja kwamba ni B12, na mara nyingi hawakosei. Ni kweli kwamba mimea haitupatii vitamini hiyo kwa kiwango cha kutegemewa. Lakini hesabu ya karani itakataa hapa. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, na mwili wake huwa umehifadhi, hasa kwenye ini, miligramu mbili hadi tano, yaani akiba ya miaka. Mdogo wake Mama Kerubo alikaa hadi mwaka wa nne kabla ya nyayo kuwaka. Wewe una miezi saba. Akiba yako ilikuwa imeanza kuliwa zamani, na ninayemshuku ni metfomini, kwa sababu inajulikana kwamba ikitumiwa kwa miaka hupunguza ufyonzwaji wa B12 katika utumbo. Nyama ya Jumamosi ilikuwa ikijazia pengo hilo kidogo kidogo, nawe ulipoiondoa, pengo likaonekana.

Kuna uwezekano wa tatu. Kisukari chenyewe huharibu mishipa ya fahamu, na ganzi yake huanzia miguuni vile vile. Kwa kusikiliza maelezo tu hakuna anayeweza kuzitenganisha. Nenda ukapime B12 pamoja na hesabu kamili ya damu, na useme wazi kwamba unatumia metfomini. Usiiache dawa hiyo kwa hiari yako. B12 huongezwa kwa sindano au vidonge huku metfomini ikiendelea. Pia usikubali kupewa foliki asidi peke yake kabla ya kipimo, kwa kuwa inaweza kurekebisha damu na kuficha tatizo huku mishipa ikizidi kuharibika chini kwa chini.

Kuhusu sukari, jibu liko kwenye sahani uliyotuchorea. Ulipotoa nyama, mahali pake hapakujazwa na ndengu. Palijazwa na chapati. Chapati tatu za unga mweupe, na mchana mlima wa ugali, ni wanga juu ya wanga. Geuza vipimo: chapati moja, ndengu bakuli zima, na mboga nusu ya sahani. Kwa uzito wako unahitaji takriban gramu 68 za protini kwa siku, na gramu 100 za ndengu zilizopikwa zina kama 7 tu, hivyo vijiko viwili haviwezi kukufikisha. Mayai mawili yatakupa 12, bilauri kubwa ya maziwa 8, na vipande vya soya vikavu, vile vinavyouzwa kwenye mifuko myepesi, vina karibu nusu ya uzito wake kuwa protini. Mchanganyiko wa githeri ni hekima ya kale, kwa kuwa mahindi yamepungukiwa na laisini, mojawapo ya vijenzi vya protini, ambayo maharagwe yanayo kwa wingi, nayo maharagwe yamepungukiwa na kijenzi kingine, methionini, ambayo mahindi yanayo. Ila mchanganyiko wa kutafutwa kwa tochi si mchanganyiko.

Binti ana shida nyingine kabisa, na ningeomba msizichanganye. Msichana wa umri wake huhitaji miligramu 15 hivi za chuma kila siku kwa sababu anakua na hupoteza damu kila mwezi. Chuma cha nyama hufyonzwa asilimia 15 hadi 35. Kile cha mimea ni kati ya 2 na 20, na kinachoamua kama kitakuwa 2 au 20 ni vile vingine vilivyoko mezani saa ile ile. Kwenu mezani pako birika. Chai ya majani iliyonywewa pamoja na chakula inaweza kuondoa zaidi ya nusu ya chuma ambacho angefyonza kutoka kwenye ndengu zile. Kinyume chake, ndimu iliyokamuliwa juu ya ndengu, au chungwa, pera au pilipili hoho mbichi, huongeza ufyonzwaji mara mbili na zaidi. Ile kuloweka maharagwe usiku kucha anakofanya Mama Kerubo hupunguza faiteti, ambazo nazo hukishikilia chuma, na pia husaidia wale wanaolalamika tumbo kujaa gesi. Unga nao uangalieni. Tangu 2012 sheria yetu inataka unga wa mahindi wa pakiti uongezwe chuma, zinki na vitamini kadhaa, lakini ule wa kusagiwa mtaani kwa kawaida hauongezwi chochote.

Himoglobini ya 10.1 haitapandishwa na managu peke yake, hata mle gunia. Mpelekeni apimwe feritini, yaani akiba ya chuma mwilini, aulizwe kuhusu wingi wa hedhi, apimwe na minyoo, kisha apewe vidonge vya chuma. Muuguzi hakukosea kuona tatizo, ila nyama si njia pekee, na kumgombeza mtoto aliyefanya hivyo kwa kumpenda baba yake si tiba. Mwulizeni pia, kwa upole, kama aliacha mayai kwa ajili yako tu au kuna kitu kingine anachokikimbia, kwa mfano kunenepa. Nimewaona wasichana wa umri huo wakijificha nyuma ya neno hilo la kuacha nyama.

Mifupa yake ninaijali vile vile. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza unaoitwa EPIC-Oxford uliripoti mnamo 2020 kwamba wasiokula chochote cha mnyama walivunjika mifupa zaidi kuliko wala nyama. Maziwa ayanywe, na katika mboga achague sukuma wiki kabla ya spinachi, kwa kuwa kalsiamu ya spinachi imefungwa na oksaleti na mwili huipata kidogo sana.

Baba Neema, Umoja

Ninarudi baada ya wiki mbili, nikiwa na shukrani na majibu.

B12 yangu ilikuwa 158, wakati maabara iliandika pembeni kwamba kiwango kianze 200. Daktari alipouliza juu ya metfomini na nikamwambia miaka sita, alitikisa kichwa kabla sijamaliza. Nimeanza sindano, na nimeambiwa nisitarajie ganzi kuisha kwa wiki moja. Mishipa hupona polepole. Uchovu umepungua tayari, ingawa huenda ni furaha ya kujua ninachougua. Feritini ya binti ilikuwa 7. Anameza kidonge cha chuma kila baada ya siku moja pamoja na maji ya chungwa, na alishtuka kuona choo kimekuwa cheusi mpaka mama yake alipomsomea karatasi ya dawa.

Nilimwuliza lile swali kwa upole. Alisema mayai aliyaacha kwa sababu aliona mimi siyagusi na akadhani yanaleta jongo. Nilinyamaza kwa muda. Asubuhi ya pili nilipika mayai manne, tukala wawili sisi kwa sisi jikoni kabla wengine hawajaamka.

Birika limehamishiwa saa kumi na moja, likiwa na kikombe kimoja kwa kila mtu, mbali na chakula. Hilo ndilo lililoleta mgogoro mkubwa zaidi nyumbani, kuliko nyama. Mama mkwe, ambaye yuko kwetu mwezi huu, anasema kwamba chakula bila chai ni adhabu ya jela.

Nina swali dogo. Nimeanza kubeba njugu karanga ofisini badala ya mandazi. Je, kuna ubaya?

Afisa Lishe, Embakasi

Nimefurahi sana. Njugu ni chakula kizuri, gramu 100 zina kama 25 za protini, ila zina mafuta mengi, kwa hiyo konzi moja yatosha. Chagua njugu nzima, kavu, zisizo na harufu ya uvundo, na zile zilizokunjamana au kubadilika rangi uzitupe. Usimpe hata kuku. Kuvu inayoota kwenye karanga na mahindi yasiyokauka vizuri hutoa sumu ya aflatoksini, ambayo haiondoki kwa kukaangwa. Wengi tunakumbuka mwaka 2004, Makueni na Kitui, ambako mahindi yenye sumu hiyo yaliwafanya waugue watu 317 na kuwaua 125. Yeyote anayehama kutoka nyama kwenda nafaka na karanga analazimika kuwa mchaguzi zaidi sokoni, na njugu za bei ya kutupa huwa zina sababu ya kuwa za bei hiyo.

Mama Kerubo, Rongai

Mwambie mama mkwe anywe chai ya mchaichai au tangawizi isiyo na majani ya chai wakati wa chakula. Mimi ndivyo nilivyomtuliza wangu.

Mzee wa Dagoretti

Nimekubali kurekebishwa kuhusu maini, na nimewaambia wateja wangu wawili wenye gauti.

Sasa mnisaidie na mimi. Ninakula nyama kila siku ya Mungu, hilo hakuna asiyelijua. Lakini kwa miaka minne nimekuwa nikimeza omeprazoli kila asubuhi kwa ajili ya vidonda vya tumbo, dawa ninayojinunulia mwenyewe dukani, na tangu mwaka jana nyayo zangu nikisimama kwenye sakafu ya bucha nahisi kama nimevaa soksi nene, hata nikiwa pekupeku. Nilidhani ni baridi ya saruji. Mtu anayekula nyama kama mimi anaweza kupungukiwa na hiyo B12?

Afisa Lishe, Embakasi

Anaweza, Mzee wangu. B12 ya nyama imeshikamana na protini, na asidi ya tumbo ndiyo inayosaidia kuibandua. Omeprazoli huipunguza asidi hiyo, na ikinywewa kwa miaka, mtu hula nyama na vitamini ikampita. Umri nao huchangia. Nenda kapime wiki hii, na umwulize daktari kama bado unahitaji dawa hiyo kila siku.

Mzee wa Dagoretti

Nitafunga bucha mapema Alhamisi.